Gerezani, Ambako Gari Huvuliwa Urembo Kabla ya Kunyooshwa

Mtu ashukaye kwenye basi la mwendokasi katika kituo cha Gerezani, jijini Dar es Salaam, huisikia Gerezani kabla hajaiona vizuri. Kwanza ni nyundo. Si nyundo moja, ni mamia, na kila moja ina sauti yake: ile ya mfua bati anayekunja kingo za jiko la mkaa ni nyepesi na ya haraka, ya mtengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni ni pana, yenye mwangwi wa tumbo tupu, na ya yule anayenyoosha chuma kinene juu ya kipande cha reli ya zamani huja polepole, pigo moja, kimya, kisha pigo jingine. Mgeni huumwa kichwa baada ya robo saa. Wenyeji wanasema wao husumbuliwa siku ambayo nyundo hazipo, yaani Jumapili na sikukuu.

Jina la mahali hapa limetokana na neno gereza, na neno hilo lenyewe, kwa maelezo ya wataalamu wengi wa lugha, tulilipata kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Mombasa ndiko safari ya neno hilo inakoonekana wazi: ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa, watu wakaiita ngome nzima gereza, na kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 ngome hiyo ikatumika kweli kufungia wahalifu. Gerezani ya Dar es Salaam, kwa upande wake, ilikua pamoja na reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na palipo na reli hapana budi pawe na mafundi wa chuma. Leo treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024 huondokea jirani tu, lakini mafundi wa uchochoroni hawana wakati wa kuzitazama.

Safari yangu ilikuwa ya kwenda kuona kazi moja tu, ile ya kunyoosha bodi za magari. Wengi wetu tunaoishi mjini huiona kazi hiyo kwa mbali, gari likiwa limekwisha ingia matatizoni, tena huku tukiwa na hasira na haraka. Nilitaka kuiona kwa utulivu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Ikawa siku mbili.

Uchochoro ninaousema umejificha nyuma ya maduka ya vipuri. Ardhi yake ni nyeusi kwa mafuta ya injini yaliyomwagika miaka na miaka, na ukikanyaga unahisi kama unakanyaga mkeka. Katikati umesimama mkungu mkubwa, na chini ya kivuli chake ndipo lilipo gereji la mzee mmoja ambaye vijana wote wa pale humwamkia kabla hawajashika chombo. Gereji lenyewe ni paa la mabati juu ya nguzo nne, meza ya mbao nene, kompresa moja, mitungi miwili ya gesi iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo isianguke, na ukutani nyundo zilizopangwa kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha. Mama lishe ameweka benchi lake hatua kumi kutoka hapo, kwa upande ambao upepo hauleti vumbi.

Pikapu iliyoletwa asubuhi ile ilikuwa Hilux nyeupe, si mpya, yenye kazi ya kuchukua samaki kutoka soko la Feri na kuwapeleka kwa wateja wa Buguruni na Tabata. Mwenye gari, mama wa makamo aliyejifunga khanga mbili, alikaa kwenye benchi akiwa na simu mkononi, kwani ilimbidi kukodi pikapu nyingine kwa ajili ya mzigo wa siku ile. Dereva wake, kijana wa kama miaka thelathini hivi, alisimama mbali kidogo. Alfajiri ya juzi yake, akirudi kinyumenyume kati ya mikokoteni na wabeba matenga, aligonga kona ya nguzo ya zege. Ubavu wa kulia ukabonyea, kuanzia juu ya tairi la nyuma hadi karibu na taa. Upana wake kama sinia la kulia pilau. Ule ukanda wa plastiki nyeusi unaozunguka upinde wa tairi, ambao mafundi huuita urembo, ulipinda lakini haukukatika.

Mama na dereva walikuwa wamekwisha kukubaliana, au tuseme mama alikwisha kuamua na dereva alikubali, kwamba gharama yote itakatwa kwenye mshahara. Kwa bei waliyotajiwa na fundi mmoja barabarani, hiyo ingekuwa zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Kijana yule aliniambia baadaye, bila kulalamika, kwamba ana watoto wawili wa shule na kwamba mwezi wenyewe ulikuwa Januari. Msomaji mwenye watoto hahitaji kuelezwa Januari ni mwezi gani.

Fundi yule wa barabarani alikuwa ameahidi kumaliza kazi kabla ya alasiri. Njia yake tunaijua sote, hata kama hatujui kuwa tunaijua. Hutoboa matundu madogo penye mbonyeo, huvuta bati kwa ndoano mpaka lirudi kiasi, kisha hujaza puti pale palipobaki shimo, husugua kwa msasa na kupuliza rangi. Urembo hauondolewi, hufunikwa kwa gazeti na gundi ya karatasi ili usipate rangi. Jioni gari hung'aa. Yale matundu aliyoyatoboa, hata hivyo, sasa yamezibwa kwa mbele tu. Kwa nyuma yako wazi, na unyevu wa pwani yetu huingia humo taratibu. Baada ya msimu mmoja au miwili wa mvua, puti huanza kuinuka kama chapati, na siku moja kipande kizima hubanduka barabarani. Sisemi kwamba puti ni udanganyifu. Puti ni dawa nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni kusawazisha makwaruzo na mikunjo midogo, unene usiozidi milimita 2 au 3. Gari lenye puti ya unene wa kidole limevaa plasta.

Mzee hakutaja bei. Alilizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya bodi huku akitazama pembeni, kana kwamba anasikiliza. Mafundi wa kazi hii huamini kiganja kuliko jicho, kwa sababu jicho hudanganywa na rangi. Kisha akamwambia mama, "Bei nitakwambia nikishavua urembo na taa. Sasa hivi naona nguo, sijaona mtu."

Mama akauliza kama kuvua huko kunalipiwa. Mzee akasema hakulipiwi, ila klipu zikivunjika zitanunuliwa. Na zitavunjika.

Kuvua urembo wa gari ni kazi ya subira, na mzee alimkabidhi mwanafunzi wake, kijana wa miaka kama kumi na minane, huku yeye akimsimamia. Kwanza gari lilipigwa jeki, likawekwa juu ya stendi mbili za chuma, na tairi la nyuma likatolewa. Wako wanaothubutu kufanya kazi chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Hapa ni mwiko. Kisha upinde wa tairi ulioshwa kwa maji na sabuni, maana matope yaliyoganda ndiyo yanayoficha vichwa vya skrubu. Skrubu zilikuwa tano, zote za nyota, na mbili kati yake zilikwisha kulika kwa kutu hata bisibisi ikateleza. Kijana akazidondoshea mafuta mepesi, akaenda kunywa chai, akarudi. Moja ilikubali. Nyingine ilibidi kichwa chake kitolewe kwa keekee.

Hapo ndipo nilipouona ule ujanja ambao ningependa kila mwenye gari auone. Kijana alichukua kipande cha boksi, akachora juu yake umbo la upinde wa tairi kwa chaki, na kila skrubu aliyoitoa akaichoma kwenye boksi mahali panapolingana na ilipotoka. Skrubu za gari hufanana, lakini urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi huweza kutoboa bati au kusukuma rangi ya upande wa pili. Boksi lile halikugharimu kitu.

Baada ya skrubu zikaja klipu. Urembo hushikwa kwa ndani na vijimsumari vya plastiki vinavyoingia kwenye matundu ya bodi na kupanuka, na kwenye ukingo wa juu mna utepe wenye gundi pande zote mbili. Plastiki iliyopigwa na jua la Dar es Salaam kwa miaka kumi huwa kavu kama kaki. Ukiivuta kwa nguvu inavunjika. Kwa hiyo kijana alimwagia ukingo ule maji ya moto kutoka birika la mama lishe, taratibu, mpaka gundi ikalainika, kisha akaingiza mwiko wa mbao uliofungwa kitambaa na kuusogeza kidogo kidogo, akitafuta kila klipu ilipo na kuisukuma kutoka karibu na shina lake. Bisibisi ya chuma ingekwangua rangi. Klipu mbili zilivunjika, sita zikatoka salama.

Taa ya nyuma ilikuwa rahisi zaidi. Mlango wa nyuma wa karai la pikapu ukafunguliwa, skrubu mbili zikaonekana kando, taa ikavutwa nyuma, waya wake ukachomolewa. Palibaki tundu la kuweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ndugu msomaji, ubavu wa pikapu ya namna hii una ngozi mbili: ile tunayoiona nje, na nyingine ya ndani inayogusana na mzigo. Kati yake mna nafasi ya giza ambayo mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka ishirini asiione hata siku moja. Mbonyeo wa nje hupigwa kutoka katika nafasi hiyo. Ndiyo maana taa hutolewa na urembo huvuliwa: ni kuufungulia mkono njia. Mahali ambapo njia haipatikani kabisa, mafundi hulegeza boliti zinazofunga karai na chesisi, wakalinyanyua lote watu wanne au sita. Safari hii haikuwa lazima.

Mzee aliingiza mkono, akatulia. Alipoutoa, kiganja kilikuwa kimejaa magamba ya samaki, mchanga mweusi wenye unyevu, na vipande vyembamba vya rangi ya kahawia vilivyovunjika kama majani makavu. Akavimwaga juu ya gazeti mbele ya mama. Halafu akamwita asogee pale palipokuwa urembo, akachukua bisibisi na kuigusisha tu kwenye ukingo wa upinde. Bisibisi ikapita, ikatokea upande wa pili.

Kutu ni jambo la kawaida kueleza na gumu kuzuia. Chuma hukutana na maji na hewa, basi. Maji ya chumvi huharakisha mambo kwa kuwa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko maji ya kawaida, na kutu, kwa undani wake, ni kazi ya umeme mdogo sana unaotembea juu ya chuma. Pikapu ya samaki huyapata maji hayo kila siku. Barafu huyeyuka, huchanganyika na chumvi na damu, hupita kwenye maungio ya karai na kushuka kati ya ngozi zile mbili. Watengenezaji waliacha matundu madogo chini ili maji yatoke, magamba yameyaziba. Nyuma ya urembo nako mchanga unaorushwa na tairi hujikusanya na kushika unyevu kama sifongo, huku plastiki ikizuia jua kuukausha. Kwa nje, mama alikuwa akiona ukanda mweusi safi. Sehemu iliyolika ilikuwa na urefu wa shubiri mbili hivi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, mimi sikuja kutafuta kutu. Nimekuja kunyooshewa gari."

"Sikuitafuta, mama. Ndiko mkono ulikopita."

Akampeleka upande wa kushoto wa gari, ule usiogongwa. Hapo, juu mbali na urembo, akabonyeza bati kwa dole gumba kwa nguvu. Likaingia kidogo na kurudi kwa mlio mdogo. Kisha akamrudisha kulia, akambonyezea karibu na upinde. Bati likaingia, likabaki huko. Bodi ya gari si chuma kinene hata kidogo. Aghalabu haifiki milimita moja. Nguvu yake inatokana na umbo: mikunjo, pinde, na kingo zilizopinduliwa na kuchomelewa pamoja. Ukingo ukilika, bati la juu hubaki bila mgongo wa kuegemea, na pigo ambalo lingeacha mkwaruzo huacha sinia.

Dereva alisikia yote hayo. Hakusema neno. Mzee naye, na hili lilinipendeza, hakumtetea. Alisema kugonga amegonga, nguzo haikumfuata. Lakini akagawa kazi mbili kwa vidole: kazi ya kunyoosha mbonyeo, saa tatu au nne, na kazi ya kukata kutu, kuchomelea bati jipya na kuzuia kutu isirudi, siku nzima na zaidi. Akataja bei ya kila moja peke yake. Ile ya kwanza ilikuwa karibu theluthi ya jumla.

Nimewahi kuona migogoro ya namna hii ikimalizika vibaya. Mwenye mali hutazama gari, hutazama mfanyakazi, na kwa kuwa kosa la mfanyakazi linaonekana mchana kweupe na la mwenye mali limefichwa nyuma ya plastiki, hesabu yote huangukia upande mmoja. Mama yule alipiga simu mbili. Aliuliza bei kwa mtu mwingine. Aliuliza kama kazi ya kutu inaweza kusubiri mpaka mwezi wa tatu, na mzee akamjibu kwamba inaweza, ila asimlete tena kwa puti. Kisha akamwuliza dereva, "Karai unalioshaje?"

"Kwa maji ya pale pale sokoni, mama. Yakiwepo. Nikichelewa kurudi unanipigia."

Huo ulikuwa ukweli, na mama aliujua. Akarekebisha khanga begani. "Dereva atalipa cha nyundo," alisema kumwambia fundi. "Cha kutu ni changu. Kata."

Kazi ikaanza baada ya chakula cha mchana. Waya wa hasi wa betri ulichomolewa kwanza, kwa sababu magari ya siku hizi yana vifaa vya umeme ambavyo mkondo wa mashine ya kuchomelea unaweza kuviunguza. Mzee akauliza pia mdomo wa tangi la mafuta uko wapi. Ulikuwa kushoto, mbali na moto. Hata hivyo ndoo mbili za mchanga zililetwa karibu.

Kunyoosha bati ni kazi ya mikono miwili inayozungumza. Mkono wa kushoto, uliopita kwenye tundu la taa, ulishika kipande cha chuma kizito chenye uso wa mviringo kinachotoshea kiganjani. Mkono wa kulia, nje, ulishika nyundo pana yenye uso laini. Nilidhani mzee angeanza katikati, penye shimo. Alianza pembeni, kwenye tuta lililozunguka mbonyeo, akalipiga polepole kushuka huku mkono wa ndani ukisukuma shimo kupanda. Kanuni yao ni kwamba sehemu iliyobonyea mwisho hunyooshwa kwanza, nawe unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali nguzo ilipogusa. Ukianza katikati unazifungia zile kingo, na bati linabaki na mkunjo usiotoka. Mapigo yenyewe si ya nguvu. Niliyahesabu, nikafika mia mbili, nikaacha.

Kila baada ya muda alifuta bati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akainama na kutazama taswira ya matawi ya mkungu juu yake. Penye tawi kupinda bila sababu, palikuwa bado. Sehemu moja, yenye ukubwa wa sarafu, ilikataa; ilikuwa imevutika ikawa kubwa kuliko nafasi yake, ikawa inaruka ndani na nje kama kifuniko cha kopo. Kwa hiyo akaipasha moto kwa ncha ya gesi mpaka ikawa nyekundu, akaigonga mara tatu, akaibandika kitambaa chenye maji. Bati lililopashwa hivyo husinyaa linapopoa. Likatulia.

Kipande kilicholika kilikatwa kwa grenda mpaka kufikia chuma kizima. Mzee hakukubali kuacha hata ncha ya kahawia. Kiraka kilitokana na bati jeusi la geji 20, yaani karibu milimita 0.9, lililokunjwa kwa mkono kufuata upinde. Kijana mmoja mgeni alipendekeza kipande cha bati la kuezekea kilichokuwa pembeni, akakemewa. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa usiku, na kutetemeka kama mwenye malaria. Wengi pale wameipata homa hiyo na wakameza dawa ya malaria bure.

Nieleze kidogo juu ya ufundi huu ulikotoka, maana baadhi ya wasomaji ni wazazi wanaofikiria vijana wao. Wako waliosomea vyuoni. Chang'ombe, si mbali na hapa, kuna chuo cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wengi zaidi wamejifunza kwa kusimama nyuma ya fundi. Mzee ni wa kundi hilo la pili. Alianza miaka ya mwanzo ya themanini, wakati fedha za kigeni zilikuwa haba na vipuri havipatikani hata kwa mwenye pesa. Mlango wa gari ulionyooshwa ulikuwa ndiyo mlango pekee utakaoupata, kwa hiyo ulinyooshwa mara tatu, mara nne. Siku hizi ubavu mzima uliotumika Japani unaweza kununuliwa mtaa wa pili, ukiwa na rangi yake. Mzee haoni ubaya. Anasema tu kwamba vijana wanaojifunza sasa wanajua kubadilisha kuliko kunyoosha, na kwamba ubavu ulionunuliwa nao una nafasi yake ya giza ambayo hakuna aliyeingiza mkono.

Jambo moja lilinisumbua. Vumbi la puti, likisuguliwa, ni laini kama unga wa muhogo na huelea muda mrefu. Rangi za kuchanganya na kikaushio hutoa mvuke unaodhuru mapafu. Katika gereji lile palikuwa na barakoa moja nzuri yenye vichujio, nayo huvaliwa na mpulizaji. Msuguaji alijifunga kitambaa. Mzee alipoulizwa, alisema husugua kwa maji kila inapowezekana ili vumbi lisiruke, na nikaona kweli wanafanya hivyo kwa misasa laini. Lakini ule wa namba 80, wa kwanza kabisa, ulisuguliwa mkavu, na nyusi za kijana zikawa nyeupe. Tunaolipa kazi hizi na kubishania bei hadi shilingi ya mwisho tungeweza kuuliza barakoa ngapi ziko ukutani.

Jioni ile chuma kilichobaki wazi kilipakwa praima kabla jua halijazama, kwani katika hewa ya Dar es Salaam bati tupu huota kutu usiku mmoja. Asubuhi ya pili ilikuwa ya puti, nyembamba kiasi kwamba nyeupe ya praima ilionekana chini yake, kisha misasa ya namba 180, 240, 400. Ndani ya zile ngozi mbili, kupitia tundu la taa, kijana alisafisha kila gamba, akazibua matundu ya chini kwa waya, akasuuza kwa maji baridi, akakausha kwa upepo wa kompresa na kupuliza mafuta mazito yanayoshika bati. Nusu lita nzima ilitumika mahali ambapo hapana mtu atakayepaona.

Rangi ikaleta ubishi. Nyeupe, kumbe, si moja. Ile iliyoandikwa kwenye kibao cha gari ilikuwa ya siku lilipotoka kiwandani, na jua limekwisha kuigeuza kuwa kama maziwa yaliyokaa. Mchanganyaji alitumwa mara mbili Kariakoo. Mama alisema tofauti haionekani. Mzee akasema inaonekana. Dereva akasema samaki hawatazami. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nilipomwona akicheka.

Urembo haukurudishwa siku ile. Rangi mpya inahitaji siku kadhaa kukomaa kabla ya kubandikwa utepe juu yake, na klipu mbili zilizovunjika zilikuwa bado hazijapatikana. Dereva alikuwa amerudi kutoka madukani na za gari jingine, fupi kwa upana wa punje ya mchele. Mzee akazikataa. Akaufunga urembo kwenye gazeti pamoja na lile boksi lenye skrubu, akaliweka nyuma ya kiti, akawaambia waje Jumamosi. Kabla hawajaondoka alimwonyesha dereva matundu yale ya chini na kumpa kipande cha waya wa kuyazibulia, na mama, ambaye nilidhani anaongea na simu, akasema kuanzia kesho gari litapitia kwenye bomba la maji baridi kabla ya kulala, hata kama ni kuchelewa nusu saa, na hatapiga simu.

Kisha pikapu ikatoka uchochoroni kwa mwendo wa polepole kuelekea barabara kuu, ubavu wa kushoto ukiwa na ukanda wake mweusi na wa kulia ukiwa mtupu, na vijana wawili wakaanza kusukuma basi dogo lililokuwa likingoja zamu chini ya mkungu.